Usiku wa Ijumaa Ndani ya Mashine

Pale Magomeni, Mtwara, waliomjua Esha Mnonjela walikuwa na neno moja juu yake: hambiliki. Wengine walilisema kwa kumsifu, wengi kwa kumlaani, naye alilipokea sawasawa kutoka pande zote mbili, kama mtu anavyoitikia salamu. Mimi sisemi alikuwa malaika. Ulimi alikuwa nao, tena wa kupasulia kuni. Lakini nikimsikia mtu anasema jeuri ya mwanamke haijengi kitu, namwuliza kwanza kama amewahi kufika Namkole.

Namkole ni kijiji alichokaa mama yake, Mwanahawa. Hakukichagua. Ule mwaka wa Operesheni Vijiji malori yalipanda hadi uwanda wa Newala, yakawashusha watu na vyungu vyao mpaka pwani, karibu na pale Ruvuma unapoingia baharini, wakaambiwa hapa ndipo nyumbani, jengeni. Hebu fikiri! Watu wa kule juu, ambao tangu enzi za mababu maji kwao ni kitu cha kukifuata bondeni na ndoo kichwani, leo wakae mahali ambapo maji ndiyo yanayomfuata mtu. Walilia, wakatukana, kisha wakalima, kwa sababu tumbo halijui operesheni. Miaka minne baadaye muhogo ulikuwa umekubali, na mikorosho waliyoipanda ilikuwa imeanza kutoa kivuli cha kumtosha mtu mmoja na mkeka wake.

Tatizo lilikuwa kivuko. Kati ya Namkole na barabara ya kuendea Madimba kulikuwa na mkono wa bahari uliojipenyeza kwenye mikoko. Maji yakitoka, mchanga pale ni mgumu na lori linapita bila wasiwasi. Maji yakijaa, usimpeleke hata ng'ombe. Wavuvi wa jirani walijua saa za maji kwa kutazama mwezi tu, lakini hawakuzaliwa ili wakae kivukoni kuwasubiri madereva. Na elimu ya namna ile haiingii kichwani mwa mtu wa uwandani kwa miaka minne.

Basi lori la unga likazama pale mpaka kwenye vioo. Wakubwa wa mkoa wakakaa kikao, wakatoka na kauli: ama kivuko kiwe na ratiba ya kuaminika, ama watu wa Namkole wahamishwe tena, wapelekwe bara. Mwanahawa alipoletewa habari hiyo alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Hakuacha hata kumenya.

"Nimehamishwa mara moja nikanyamaza, nikadhani labda ndiyo desturi," alisema. "Mara ya pili watanibeba kwa jeneza, na jeneza lenyewe nitaling'ang'ania mlangoni."

Sasa mjue Esha katoka wapi na ukaidi wake.

Katika watoto wa Mwanahawa, Esha peke yake ndiye aliyefika kidato cha nne. Hesabu zilimpenda. Serikali ikampeleka Dar es Salaam kusomea takwimu, akarudi Mtwara kuwa karani katika ofisi ya mradi wa barabara za vijiji, akapanga chumba Magomeni. Mkuu wake pale ofisini alikuwa Bwana Danieli, mhandisi kutoka Mbeya, mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa, ila mwoga wa kosa. Kosa likipita mtaa wa pili, yeye anafunga dirisha.

Mtaalamu wa kigeni aliyepima maji ya kivuko cha Namkole, kwa nguzo yenye alama aliyoisimika kwenye mchanga, alimaliza mkataba wake akaenda kwao. Akaacha vitu viwili: karatasi yenye kanuni ya hesabu, na mashine ndogo ya kuhesabia, imezidi kidogo tu kipande cha sabuni ya mche. Mashine ile haikuwa ya kujumlishia bei za nyanya. Ilikuwa inafundishika. Unaipa maagizo hatua kwa hatua, yaani programu, nayo inayakumbuka. Unayahifadhi kwenye kikadi chembamba kama chingamu, na kesho ukiingiza kikadi kile inayafuata tena bila kukuuliza swali. Ila kichwa chake kilikuwa na nafasi ya hatua mia tu. Ya mia na moja inaitema.

Bwana Danieli aliifungia kwenye kabati la chuma. "Ni mali ya umma," alisema.

"Umma wenyewe unazama, Bwana Danieli," Esha akamjibu. "Nipe funguo."

Alipewa, baada ya siku kadhaa za kusimama mlangoni pa mkuu wake kila asubuhi akimwamkia kwa adabu na kuuliza neno lile lile. Maskini mzee wa watu, alichoka.

Kanuni ya yule mtaalamu, ukiitoa makoti yake ya alama za Kigiriki, ilisema jambo la kueleweka hata sokoni. Bahari si wimbi moja. Ni mawimbi marefu kadhaa yaliyolaliana. Moja la mwezi, ndilo kubwa lao. Moja la jua. Mengine madogo madogo, mpaka la mwisho ambalo kimo chake hakizidi upana wa kidole. Kila moja lina ukubwa wake, kasi yake na mahali lilipoanzia. Ukitaka kujua kina cha maji pale kivukoni saa fulani, tafuta kila wimbi limefika wapi saa hiyo, uyajumlishe yote. Basi.

Basi, kwa nani? Kanuni ni kama mkwe: inatamka neno moja na inakutegemea ujue mengine yote. Mashine haina heshima hiyo. Mashine ni sawa na mtoto unayemtuma dukani kwa mara ya kwanza, umwambie atoke na mlango upi, ashike njia gani, na akikuta sukari imekwisha afanyeje. Chukua saa. Zidisha kwa kasi ya wimbi. Ongeza mahali lilipoanzia. Tafuta kosaini yake. Zidisha kwa ukubwa. Weka pembeni. Je, mawimbi yamekwisha? Kama bado, rudi mwanzo, chukua linalofuata. Neno moja la kanuni likawa ukurasa mzima wa Esha.

Mara ya kwanza aliandika kila wimbi na hatua zake peke yake, nafasi ikamwishia kabla hata ya kulimaliza la jua. Akafuta. Akaandika upya, mzunguko mmoja wa kuyapitia mawimbi yote, kama kinu kimoja kinavyotwanga mtama wa nyumba nzima. Ikatosha. Akabonyeza kitufe, mashine ikajibu kwamba saa ile bahari ya Namkole ilikuwa imepanda kufika kwenye makuti ya minazi. Loo! Esha akacheka mpaka mpiga taipu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Kumbe mashine ilikuwa inapima pembe kwa kipimo kingine na kile cha mtaalamu. Akarekebisha. Siku ile ile akadandia gari la ofisi mpaka kivukoni, akalinganisha jibu na nguzo yenye alama. Vikapatana.

Nawaambia, alipiga kigelegele peke yake pale mchangani, mbele ya kaa.

Kuanzia hapo alitoa jedwali la kila mwezi: siku, saa za kuvuka mchana, saa za kuvuka usiku. Kwa tahadhari, mwisho wa kuvuka aliuweka nusu saa kabla maji hayajafika. Nakala moja ilibandikwa ofisi ya kijiji Namkole, nyingine ng'ambo ya pili kwenye zahanati ya muuguzi Felista. Ismaili, dereva wa lori la kijiji, akawa anavuka mchana huku anapiga miluzi; usiku hakuna aliyekuwa na safari. Wakubwa wa mkoa wakanyamaza. Mwanahawa akapanda mikorosho mingine.

Kisha likatokea la kutokea.

Jirani yake Mwanahawa, aitwaye Mwajuma, alishikwa na uchungu jioni. Wakasoma jedwali: Ijumaa, usiku, vuka kuanzia saa moja, mwisho saa tatu. Saa mbili na nusu Ismaili akawasha lori, Mwajuma na wanawake wawili nyuma. Walipofika katikati, maji yakawa yanawangoja. Injini ikakohoa, ikazima. Makelele waliyoyapiga yaliwafikia wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu, wakaja mbio na mitumbwi. Mtoto alizaliwa ndani ya mtumbwi, akiwa mzima wa afya, mwenye sauti kubwa. Wakamwita Bamvua, jina la yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Mama salama, watu wote salama. Lori, asubuhi, lilikuwa limelala ubavu kwenye matope.

Bwana Danieli aliingia ofisini amepauka. "Mashine yako imetuua, Ndugu Esha."

"Hakuna aliyekufa."

"Lori limekufa! Na kijiji kinalifuata. Kamati ya mkoa inakwenda Namkole, si Alhamisi ijayo, ile inayofuata. Wanakwenda kutangaza kuhama."

Esha aliipitisha programu yake mara tatu. Majibu yale yale. Akapitia kanuni, herufi kwa herufi. Haikuwa na kasoro. Ndipo akafunga safari ya Namkole, amevimba, yuko tayari kugombana na Ismaili kwamba alichelewa, kugombana na saa yake ya mkononi kwamba ni mbovu, kugombana na bahari yenyewe.

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Karatasi yako ilisema siku gani?"

"Ijumaa usiku."

"Na sisi tulivuka usiku wa Ijumaa."

"Mama, lori limezama Alhamisi! Ofisini tumepata habari Ijumaa asubuhi!"

Mwanahawa alimtazama mwanawe kama anayemtafuta mtu aliyekuwa akimjua. "Alhamisi jua lilikuwa limeshazama, Esha. Msikitini walikuwa wameshamaliza Yasini ya usiku wa Ijumaa. We mtoto, umekaa mjini mpaka umesahau siku inaanza lini?"

Esha alikaa kwenye mkeka. Akainamisha kichwa. Alikuwa amelala usiku wa Ijumaa chungu nzima katika nyumba ile, akiamshwa Alhamisi jioni aoge avae kanga safi. Nani asiyejua kwamba usiku unaitangulia siku yake? Lakini kanuni ya mtaalamu ilianza kuhesabu siku saa sita ya usiku, na mashine ikafuata kanuni, na yeye akafuata mashine. Akaandika "Ijumaa, usiku" kwa akili ya ofisini, kijiji kikasoma kwa akili ya kijiji. Na bahari kila siku huchelewa karibu saa nzima kuliko jana yake, kwa hiyo aliyesoma saa za kesho akavuka leo, maji yamemwahi. Kosa lilikuwa lake. Lilimuuma, na nasema lilimuuma kwelikweli, kwa sababu angeweza kumzika Mwajuma na mwanawe kwa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake.

Lakini Esha hakuwa mtu wa kulala na aibu. Aliamka nayo, akaipeleka ofisini.

"Kosa nimeliona," alimwambia Bwana Danieli. "Ni langu. Siku ya Namkole inaanza jua likizama. Nataka siku ya mashine ianze hapo pia."

Bwana Danieli alivua miwani. "Haiwezekani. Kalenda ya serikali inaanza saa sita usiku. Bandarini, hospitalini, shuleni, kote. Waelimishwe."

"Waelimishwe kwa miaka mingapi? Bahari inakuja leo."

"Na muuguzi wa zahanati? Felista ni Mkristo mwenzangu. Akisoma usiku wako wa Ijumaa, atakosea yeye."

Hilo lilikuwa neno la haki, na Esha alilipokea. "Nitaandika kila mstari: usiku wa kuamkia Ijumaa. Hapo Felista hapotei na mama yangu hapotei."

"Basi andika hivyo kwa mkono, mashine uiache kama ilivyo."

"Kila mwezi nihamishe usiku wote kwa mkono, siku hii niupeleke kwenye ile? Bwana Danieli, jambo la kukumbuka kila siku kuna siku litasahaulika. Acha likae ndani ya mashine. Mimi nikiugua, nikiolewa, nikifa, lenyewe halisahau."

Mkuu wake alishusha pumzi ndefu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Waoga wa kosa ndivyo walivyo. Esha akakichukua kimya kile kama ruhusa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kwa maneno: ukipewa saa ya usiku, ihesabu tangu jua la jana lilipozama, ukipewa ya mchana, ongeza usiku uliokwishapita, kisha ndipo uipeleke kwenye kanuni. Lakini programu yake ilikuwa imeshajaa hatua mia, pomoni. Alibana huku, akabana kule, akaunganisha hatua mbili hapa na kufuta moja pale, akiwa anakula korosho, vidole vimejaa vumbi la chaki ya ubaoni. Bado usiku wa Ijumaa haukuenea. Ulikuwa umesimama mlangoni na mizigo yake, na nyumba imejaa mawimbi.

Akayatazama mawimbi moja moja. La mwezi huwezi kuligusa. La jua vivyo hivyo. Akafika kwenye lile la mwisho, la kidole. Akapiga hesabu ya kila siku kwa mwezi mzima bila hilo wimbi. Tofauti haikufika hata dakika tano. Akalitoa. Mahali pake akauingiza usiku wa Ijumaa, ukaenea, ikabaki hatua moja ya kupumulia.

Bwana Danieli alipoiona karatasi ya programu mpya alishika kichwa. "Unathubutu kumkata mtaalamu?"

"Sikumkata mtaalamu. Nimekata wimbi la kidole kimoja. Nusu saa niliyoiweka ya tahadhari inameza vidole vyote vya mkono, na vya miguu."

"Kanuni ni kanuni! Huwezi kuchagua unachotaka!"

"Aliyeiandika alichagua. Unadhani bahari ina mawimbi haya tu? Aliyachukua makubwa, yaliyobaki akayaacha, kwa sababu hakuyahitaji. Na mimi nimeacha nisichohitaji, nikaweka watu."

"Siweki saini yangu kwenye jedwali hilo, Ndugu Esha."

"Weka yangu."

Akaandika mwenyewe chini ya jedwali, kwa herufi kubwa za kuonekana kutoka mlangoni: ESHA MNONJELA. Bwana Danieli akafunga dirisha, ingawa kulikuwa na joto.

Alhamisi ya kamati ikafika. Wakubwa walikuja jioni kwa Land Rover mbili, wakasimama upande wa barabara, maji yakiwa yanamalizia kutoka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa bwana mnene mwenye suti ya kodrai, hana muda. Watu wa Namkole walivuka kwa miguu kuja kumsikiliza, Mwanahawa akiwa mbele.

"Ndugu wananchi," alisema mwenyekiti, "serikali inajali maisha yenu. Kesho, Ijumaa usiku, maji yakitoka, malori yatakuja kuwachukua."

"Kesho usiku ni Jumamosi, mwanangu," akasema Mwanahawa.

"Mama, kesho ni Ijumaa."

"Kesho mchana ni Ijumaa. Jua likizama tutakuwa Jumamosi. Hao wenye malori uwaambie vizuri, wasije wakakuta siku imehama na sisi tumebaki."

Kicheko kilichopasuka pale kilimkera mwenyekiti, lakini ndicho kilichomfungulia Esha njia. Alijitokeza mbele, ameshika kigoda mkono mmoja na karatasi mbili mkono wa pili.

"Ndugu mwenyekiti, hicho ulichokisema sasa hivi ndicho kilichozamisha lori," alisema. "Wewe unasema Ijumaa usiku, wao wanasikia leo. Nilifanya kosa hilo hilo. Hii ni karatasi ya zamani ya mashine: Ijumaa usiku, mwisho wa kuvuka saa mbili na nusu. Hii ni mpya: usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani leo hii, mwisho saa mbili kasorobo. Nakwenda kukaa katikati ya kivuko. Nitaondoka kwa saa ya karatasi mpya, si dakika kabla. Kigoda nitakiacha. Maji yakinikuta nimekaa, hamisheni kijiji, na mimi mnifukuze kazi. Yasiponikuta, na kigoda kikaelea kabla ya saa mbili na nusu, mtuache."

"Huyu binti ana wazimu?" mwenyekiti akamwuliza Bwana Danieli.

"Ni karani wangu," akajibu Bwana Danieli kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi.

Esha hakungoja ruhusa. Alikwenda mpaka katikati, akaweka kigoda kwenye mchanga, akakaa. Magharibi ikaingia. Muda si muda akaja Mwanahawa, amejitwika mkeka wake kichwani.

"Mama, rudi."

"Nirudi wapi? Hapa ndipo kwangu, mpaka mkekani." Akatandika, akanyoosha miguu. "Watu husema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Tungoje Idi yetu."

Ilikuwa kimya pale katikati. Mbali kule upande wa bahari kulikuwa na sauti ndogo ya maji, kama mtu anayesukutua. Esha, nisimsingizie ushujaa asiokuwa nao, aliogopa. Alifikiria lile wimbi la kidole. Aliipiga hesabu yake upya kichwani, akaipiga tena. Pembeni mama yake akawa anatafuna korosho.

Kisha wakaona kurunzi inakuja ikiyumba. Bwana Danieli, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Ondoka, Esha. Hii ni amri."

"Muda bado, Bwana Danieli."

"Nasema ondoka!"

"Saa yako inasemaje?"

Aliitazama. Alimulika saa, akamulika mchanga, akamulika gizani kule maji yalikosikika. Mnadhani alirudi? Hakurudi. Alisimama palepale, viatu kifuani, midomo ikicheza kwa sala, akiitazama ile saa mpaka mshale ulipofika. "Kasorobo!" alipiga kelele kama mchezaji aliyefunga goli. "Kasorobo, jamani, twendeni!"

Wakatoka, mkeka juu ya kichwa cha Mwanahawa, kigoda kikabaki. Walifika ufukoni nguo zao kavu. Watu wakasimama, kurunzi zote zimeelekezwa katikati. Kwanza mchanga ukang'aa. Halafu miguu ya kigoda ikapotea. Halafu kigoda kikainuka, kikageuka taratibu, kikaanza safari ya kuingia kwenye mikoko, na saa mbili na nusu bado haijapiga.

Vigelegele vya Namkole vilisikika mpaka Madimba, na asiyeamini akaulize. Mwenyekiti alikaa kwenye gari muda mrefu bila kuwasha injini. Mwishowe alitoa kichwa dirishani. "Malori yasubiri," alisema.

Yanasubiri mpaka leo.

Ningependa kumalizia hapo, ila maisha ya watu si ya harusi kila siku. Jumatatu Bwana Danieli alimwita Esha. Hakumtazama usoni.

"Kijiji kimebaki, tumshukuru Mungu. Sasa irudishe kanuni ya mtaalamu kwenye mashine kama ilivyokuwa. Wakaguzi wakija wakakuta karani amekata wimbi na kubadili siku za serikali, nitasema nini?"

"Sirudishi."

"Esha, nakuomba."

"Ulisimama pale na sisi. Uliona kwa macho yako. Sirudishi."

"Basi utakwenda kwenye taipu. Mashine si kazi yako tena."

Alifungua fundo la kanga, akatoa kile kikadi chembamba, akakiweka mezani mbele yake. "Mali ya umma hii. Ndani yake kuna usiku wa Ijumaa. Ukitaka kuutoa, utoe kwa mkono wako." Bwana Danieli alikitazama kikadi kile kama kitakachomwuma. Hakuutoa usiku ndani yake, wala hakukitumia. Alikifungia kabatini pamoja na mashine, akastaafu, akarudi Mbeya, na kutu ikamaliza kazi.

Tangu hapo majedwali ya Namkole yalipigiwa hesabu Dar es Salaam kwa kanuni ya mtaalamu, wimbi la kidole likiwemo, siku zikianza saa sita ya usiku, yakaletwa Mtwara kupigwa taipu. Na mpiga taipu alikuwa nani? Mwezi baada ya mwezi Esha aliyachukua, na kila usiku mmoja mmoja akautoa kwenye siku yake ya ofisini, akaupeleka kwenye siku yake ya kijijini, akiuandika "usiku wa kuamkia". Kazi ambayo mashine ingeifanya kwa hatua chache, yeye aliifanya kwa vidole kumi, mwaka baada ya mwaka, macho yakimuuma. Alijua vizuri alivyosema juu ya jambo la kukumbuka kila siku. Kwa hiyo hakuiamini kumbukumbu yake. Kila jedwali alilisoma mara mbili kwa sauti kabla halijatoka, mpaka wenzake ofisini wakamtania kwamba anasoma Yasini. Lori halikuzama tena. Bamvua alikua, akaanza shule ng'ambo, akawa anavuka asubuhi huku anarusha mawe.

Mkuu mpya, Paulo, kijana wa chuo kikuu, ndiye aliyegundua. Alikuja na nakala ya Dar mkono huu na ya Esha mkono huu, ana hasira.

"Mama Esha, umebadilisha usiku wote! Tangu lini?"

"Tangu siku nyingi."

"Kila mwezi? Nani kakuruhusu?"

Esha alikuwa anaingiza karatasi nyingine kwenye taipu. Hakuinua macho.

"Jua," alisema. "Likizama, siku imekwisha. Weka saini, mwanangu, maji yanakuja."